Kupanga Karibu au Kuhamia Mbali: Hesabu ya Mfanyakazi wa Ofisini Dar es Salaam

Mshahara ukishaingia, mjadala mmoja hurudi katika ofisi nyingi za Dar es Salaam, hasa wakati wa chai ya saa nne. Mmoja amelipa kodi ya miezi sita, na wenzake wanamwambia anamjengea mwenye nyumba. Mwingine amehamia kwenye nyumba yake Chanika, pembezoni mwa jiji, kabla haijapigwa lipu, naye anaambiwa kwamba maisha yake yataishia kwenye foleni. Kijana aliyeajiriwa juzi anasikiliza pande zote mbili na hapati la kushika. Akisikia habari za viwanja vya bei nafuu Mapinga, anataka kukopa. Akiwaona wanaoshuka kwenye daladala wamechoka kabla kazi haijaanza, anaahirisha.

Mkanganyiko huu una chanzo chake. Swali ni moja, lakini vipimo ni viwili. Anayesifu kuhamia mbali anahesabu shilingi. Anayetetea kupanga karibu anahesabu saa. Kwa kuwa kila mmoja ana ushahidi mkononi, mwishowe watu huanza kuhukumiana tabia: huyu mbadhirifu, yule anajitesa. Makala haya yanajaribu kuweka shilingi na saa kwenye mizani moja.

Kota zilipokwisha

Kuna wakati karani hakusumbuka sana na jambo hili. Serikali, reli, bandari na mashirika ya umma yalikuwa na nyumba za wafanyakazi wao, na neno "kota" limebaki hadi leo katika majina kama Magomeni Kota. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962. Mwaka 1971 majengo mengi ya kupangisha yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye baadaye aliunganishwa na shirika hilo. Nyumba hizo hazikumtosha kila mtu hata siku moja, lakini zilikuwa na maana: mwajiri alihesabu kwamba mahali anapolala mfanyakazi ni sehemu ya kazi.

Hesabu hiyo ilifutika taratibu. Mashirika mengi ya umma yalibinafsishwa au kufungwa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali iliwauzia watumishi nyumba nyingi ilizokuwa inazimiliki. Waliozinunua walipata bahati yao. Waliokuja nyuma yao walikuta nafasi hiyo haipo. Katika miaka hiyo hiyo, kuanzia 2002, ulikuja Mradi wa Viwanja 20,000, uliopima maeneo ya pembezoni kama Kibada, Tuangoma, Bunju, Mbweni na Buyuni. Ujumbe wake kwa mfanyakazi ulikuwa wazi: kiwanja kipo, nyumba utajenga mwenyewe.

Lakini ajenge kwa fedha gani? Sheria ya mikopo ya nyumba ilipitishwa mwaka 2008, na kampuni ya kuziwezesha benki kutoa mikopo hiyo ilianza muda mfupi baadaye. Hata hivyo, mkopo wa nyumba wa miaka 15 au 20 umebaki kuwa wa wachache wenye mishahara mikubwa na hati safi. Wengi hujenga kwa mkopo wa mshahara, kwa SACCOS, au kwa mchezo wa ofisini wa kupeana fedha kwa zamu: mwaka huu msingi, mwaka kesho boma, kupaua pale fedha zitakapopatikana. Kujenga kwa mtindo huo kunadai kiwanja cha bei ndogo, na kiwanja cha bei ndogo kiko mbali.

Sensa inaonyesha watu walikokwenda. Mwaka 2012 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541, na mwaka 2022 wakafika 5,383,728. Katika miaka hiyo hiyo kumi, Mkoa wa Pwani ulitoka watu 1,098,668 na kufikia 2,024,947. Dar es Salaam iliongezeka kwa chini ya robo. Pwani ilikaribia kuwa maradufu. Si wote walioongezeka Pwani wanaofanya kazi mjini, lakini anayepita Kibaha, Mapinga au Vikindu saa kumi na moja alfajiri anaona vituo vimejaa watu waliovaa sare na tai.

Hoja ya walio mbali

Hoja ya kwanza ya kuhamia kwenye chako ni heshima, nami naona ni hoja nzito kuliko wapangaji wanavyokubali. Mpangaji anaishi kwa ratiba ya mtu mwingine. Kodi hudaiwa miezi sita kwa mkupuo, wakati mwingine mwaka mzima, na dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja juu yake. Mfanyakazi analipwa kwa mwezi lakini anaishi kwa nusu mwaka, na pengo hilo ndilo linalompeleka kwa wakopeshaji wa mtaani wanaoitwa kausha damu. Ongeza ugomvi wa umeme wa LUKU ya pamoja, zamu za kufagia uwanja, na taarifa ya ghafla kwamba mtoto wa mwenye nyumba anarudi na chumba kinahitajika.

Aliyehamia kwake ameondokana na hayo. Jumapili anamwagilia mchicha wake, ana kuku wawili watatu, ana mwembe alioupanda siku ya msingi, na watoto wanacheza bila kuambiwa wanapiga kelele. Starehe hizi ndogo zina uzito, kwa sababu ndizo zinazomfanya avumilie siku tano za kazi. Kisha kuna kesho yake: akistaafu, nyumba ipo, akifariki, familia haitolewi vitu nje.

Udhaifu wa hoja hii unajitokeza pale mtu anapohamia mapema. Nyumba haijafikiwa na umeme, maji yananunuliwa kwa boza, na masika barabara ya ndani haipitiki hata kwa bodaboda. Viwanja vingine havijapimwa, na mauziano yake ni karatasi iliyogongwa mhuri wa serikali ya mtaa mbele ya mashahidi wawili. Migogoro ya kiwanja kimoja kuuzwa mara mbili si hadithi ngeni jijini. Mtu aliyejibana miaka mitano anaweza kujikuta anatumia siku zake za likizo kwenye baraza la ardhi.

Hoja ya walio karibu

Anayepanga Kijitonyama, Magomeni au Ilala hulala hadi saa kumi na mbili. Anakunywa chai ameketi. Jioni anafika nyumbani kabla ya magharibi: anaweza kusoma masomo ya jioni, kwenda mazoezini, kukaa kijiweni na kikombe cha kahawa, au kumsaidia mtoto hesabu za shule. Mwajiri akimhitaji Jumamosi, hapotezi siku nzima.

Kwa mama anayenyonyesha, jambo hili si la starehe hata kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi. Anayeishi mwendo wa dakika ishirini anaweza kuitumia haki hiyo. Anayeishi Chanika na kufanya kazi Posta, katikati ya mji, anayo haki ile ile, lakini saa mbili zote ni za kufika nyumbani tu. Umbali umeifuta sheria bila mtu yeyote kuivunja.

Udhaifu wa upande huu nao ni mkubwa. Kodi hupanda bila kipimo, na mpangaji wa miaka kumi na tano anaweza kukaribia kustaafu hana hata tofali. Wengi waliochagua ukaribu walijiambia kwamba muda watakaouokoa wataufanyia jambo la maana. Muda ule ukaishia kwenye televisheni na simu. Ukaribu una thamani kwa mwenye la kufanya na saa alizozipata.

Kwa nini barabara hazijamaliza jambo hili

Dar es Salaam imekaa kama kiganja: barabara za Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa ni vidole, na vyote vinakutania katikati ya mji, ambako ofisi nyingi bado ziko. Kwa hiyo asubuhi watu wanavutwa upande mmoja na jioni wanarudishwa upande mwingine.

Jitihada zimefanyika. Oktoba 2012 ilianza treni ya abiria wa mjini, ambayo wananchi waliiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Aprili 2016 lilifunguliwa Daraja la Nyerere la Kigamboni. Mei mwaka huo huo mabasi ya mwendokasi yakaanza kati ya Kimara na katikati ya mji, katika mtandao wa kilometa 21 hivi. Barabara ya Kimara hadi Kibaha ikapanuliwa, na Ubungo ikapata barabara za juu mwaka 2021. Kila hatua ilileta nafuu, hasa siku za mwanzo.

Tatizo ni kwamba barabara ikipanuka, viwanja vilivyo kandokando hupanda bei, na mwenye mshahara mdogo husogea mbele zaidi. Aliyekuwa atafute Kimara anatafuta Kibamba. Wa Kibamba anakwenda Kibaha. Nafuu ya muda inageuzwa kuwa umbali. Mwendokasi nao, pamoja na msaada wake mkubwa, umelalamikiwa mno kwa uhaba wa mabasi na msongamano vituoni, mambo yanayomnyang'anya abiria zile dakika alizookoa njiani. Anayenunua kiwanja kwa kutegemea barabara itakayojengwa baadaye asisahau kwamba majirani zake watakuwa wamenunua kwa matumaini hayo hayo.

Shilingi na saa kwenye mizani moja

Tuchukue mfano. Mfanyakazi wa kampuni binafsi ana mshahara wa shilingi 900,000, na alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Asilimia 10 inakwenda NSSF, yaani 90,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, kodi ya mapato ni 80,500. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15, yaani 135,000. Kinachobaki ni 594,500. Akifanya kazi siku 22 kwa mwezi, saa tisa kila siku, kila saa yake ya kazini ina thamani ya shilingi 3,000 hivi.

Tuseme karibu na ofisi atapata chumba na sebule kwa 250,000, na nauli ya 25,000 kwa mwezi. Jumla 275,000, naye yuko njiani saa moja kwa siku, kwenda na kurudi. Akihamia kwake mbali, kodi haipo, lakini daladala mbili na bodaboda zinamla 5,000 kwa siku, yaani 110,000 kwa mwezi, naye yuko njiani saa nne.

Kwa shilingi tupu, mbali kunamwokolea 165,000. Lakini ameongeza saa tatu za njia kila siku, ambazo ni saa 66 kwa mwezi. Gawanya: amelipwa shilingi 2,500 kwa kila saa aliyoitoa. Mwajiri wake anamlipa 3,000. Ameiuzia foleni saa zake kwa bei ya chini kuliko anayomuuzia mwajiri, na foleni haina bima wala pensheni. Katika mwaka wenye wiki 48 za kazi, saa nne za kila siku zinafika 960. Sheria inaweka kikomo cha saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki. Saa hizo za njiani ni sawa na wiki 21 za kazi, karibu miezi mitano.

Wa mbali ana haki ya kujibu kwamba saa za mapumziko hazilipi ada ya shule, na kwamba nyumba inabaki wakati kodi inapotea. Jibu hilo lina ukweli. Ila hesabu ilichukulia kwamba nyumba ipo tayari. Ikiwa ujenzi ulimgharimu, tuseme, milioni 25, akiba ya 165,000 kwa mwezi itazirudisha baada ya miaka zaidi ya kumi na miwili. Na namba zikibadilika, hukumu hubadilika. Kodi ya karibu ikiwa 350,000, kila saa aliyoitoa inamwokolea zaidi ya 4,000, na hapo kuhamia mbali kunashinda. Kwa mshahara huu na safari hii, mpaka uko kwenye kodi ya 280,000 hivi.

Jambo ambalo pande zote mbili hulisahau ni la katikati. Mtu huyu akipanga kwenye njia kubwa ya usafiri, mwendo wa saa moja kutoka ofisini, kwa kodi ya 150,000 na nauli ya 40,000, anatumia 190,000. Ameokoa 85,000 ukilinganisha na karibu, na ametoa saa 22 tu kwa mwezi. Kila saa imemwokolea karibu 3,900. Kati ya hali zote tatu, hii ndiyo inayolipa saa zake vizuri zaidi. Watu huikwepa kwa sababu haina sifa: si mjini, wala si kwako.

Kazi nayo huhama

Hesabu hiyo yote inadhani ofisi itabaki ilipo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya Serikali Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na kwa miongo minne watumishi wengi waliishi kana kwamba hautatekelezwa. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuhama, na wizara zikahama kweli. Waliokuwa wamehamia nyumba zao za Goba na Kigamboni, huku mikopo ikiendelea kukatwa, walipanga vyumba Dodoma, na familia zikagawanyika. Treni ya umeme iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024 imewapa nafuu ya kurudi mwisho wa juma. Nauli yake, hata hivyo, ni gharama ambayo hakuna aliyeiweka kwenye ramani ya nyumba.

Sekta binafsi haina tangazo la miaka arobaini. Mkataba wa miaka miwili unaweza kuisha, na kazi mpya ikawa upande wa pili wa jiji. Ndiyo maana nasema kujenga na kuhamia ni maamuzi mawili, na kosa kubwa katika mjadala huu ni kuyachukulia kuwa moja. Nyumba inaweza kusimama, ikapangishwa au kulindwa na ndugu, wakati mwenyewe anaishi karibu na mkate wake.

Wanaosema saa za kazi ndizo zibadilike

Wapo wanaosema mfanyakazi amebebeshwa swali lisilo lake. Ofisi za Serikali huanza saa moja na nusu, shule nyingi zinaanza kabla ya hapo, na ofisi nyingi binafsi saa mbili. Jiji zima linaingia barabarani pamoja. Kazi ya taarifa na barua pepe ingeweza kufanyiwa nyumbani siku moja au mbili kwa wiki, na zamu za kuingia zingeweza kupishana kwa saa moja.

Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa, kwa sababu ndiyo nafuu pekee isiyodai lami wala tofali. Udhaifu wake ni kwamba haimhusu kila mtu. Keshia wa benki na mhudumu wa mapokezi hawawezi kufanyia kazi sebuleni. Nyumba za pembezoni nazo umeme hukatika na intaneti husuasua. Wakubwa wengi bado wanapima bidii kwa koti lililoning'inia kwenye kiti. Hata hivyo mwajiri anaweza kufanya jambo dogo zaidi kuanzia mwezi ujao: kumkopesha mfanyakazi kodi ya miezi sita bila riba na kumkata kidogo kidogo. Hilo peke yake lingewatoa wengi mikononi mwa kausha damu, na lingemwondolea mtu hofu inayomkimbiza kwenye boma lisilo na madirisha.

Uzito unakoangukia

Kwa aliye katika miaka yake ya kwanza ya ajira, au mwenye mtoto mchanga, au mwenye masomo ya jioni, kupanga kwenye njia kubwa ndani ya mwendo wa saa moja ndilo chaguo lenye nguvu. Kiwanja anunue, kama kimepimwa na jina la muuzaji linaonekana kwenye hati. Ajenge kwa mwendo wake, bila kuhamia. Kwa mwenye watoto wakubwa, ajira ya kudumu, na nyumba iliyofikiwa na maji, umeme na lami, kuhamia kwake ni haki aliyoitolea jasho, na kodi kubwa ya mjini haina tena sababu ya kumshikilia. Anayepaswa kusubiri ni yule anayehama kwa sababu tu amechoka kuulizwa bado anapanga hadi lini.

Waajiri na wabunge nao wana sehemu yao. Mshahara ni wa mwezi. Kodi nayo iwe ya mwezi, na sheria iseme hivyo.

Na wewe unayetaka kusaini karatasi ya kiwanja wiki hii, subiri hadi Jumatatu ya masika. Nenda ulale kwa mwenyeji wa mtaa huo, uondoke pamoja naye alfajiri, na utazame saa yako unapofika mlangoni pa ofisi yako. Namba utakayoiona, izidishe mara mbili, kisha mara siku 22, ndipo uamue.